Mvua za Kagera na tairi la bodaboda: Nani achague, nani alipe?

Na Mwandishi Wetu, Bukoba

KILA masika inapoingia katika mwambao wa magharibi wa Ziwa Victoria, mjadala kuhusu ajali za bodaboda huibuka upya. Lawama huelekezwa kwa mwendo kasi, ulevi, kutovaa kofia ngumu na tabia ya kubeba mshikaki. Lawama hizo zina msingi. Hata hivyo, kipo kitu kimoja ambacho hutajwa kwa nadra katika mijadala hiyo, ingawa ndicho pekee kinachokiunganisha chombo hicho na ardhi. Kitu hicho ni tairi.

Sehemu ya tairi la pikipiki inayogusa ardhi kwa wakati mmoja haizidi sana upana wa kiganja cha mtu mzima. Juu ya viganja viwili hivyo, cha mbele na cha nyuma, ndipo zinapotegemea breki, usukani, mzigo na uhai wa abiria. Kiganja hicho kikiteleza, kofia ngumu hubaki kuwa tiba ya baada ya tukio.

Katika wilaya za Bukoba na Muleba, jambo hili lina uzito wa pekee. Dereva mmoja anaweza kuondoka kijiweni mjini Bukoba akiwa juu ya lami, akapita barabara ya changarawe, kisha akamalizia safari katika njia ya udongo inayokatiza migomba. Njia hizo tatu zinadai matairi ya tabia tofauti, lakini pikipiki ina tairi moja tu la nyuma na moja la mbele. Je, dereva huyo achague lipi? Na je, ni yeye kweli anayechagua?

Nchi ya mvua

Ili kulielewa tatizo hili, hatuna budi kuanza na hali ya hewa. Bukoba ni miongoni mwa miji inayopata mvua nyingi zaidi nchini, kiasi cha milimita 2,000 hivi kwa mwaka, ikiwa ni zaidi ya mara tatu ya mvua inayonyesha Dodoma. Mvua hizo huja kwa misimu miwili, masika kati ya Machi na Mei, na vuli kuanzia Septemba au Oktoba hadi Desemba. Aprili ndio mwezi wa mvua nyingi kuliko yote. Kiangazi halisi ni kifupi, hasa kati ya Juni na Agosti.

Maana yake ni kwamba kwa zaidi ya nusu ya mwaka dereva wa bodaboda wa eneo hili anatarajia kukutana na barabara yenye maji. Mwenzake wa Dodoma anaweza kununua tairi kwa kufikiria jua, kisha akavumilia wiki chache za tope. Wa Kamachumu au Nshamba hawezi kufanya hivyo.

Jambo la pili ni ardhi yenyewe. Barabara kuu inayotoka Mutukula mpakani mwa Uganda kupitia Bukoba, Kemondo na Muhutwe hadi Muleba na kuendelea kusini ni ya lami. Ukiiacha barabara hiyo, hali hubadilika. Barabara nyingi za ndani, ambazo tangu mwaka 2017 zipo chini ya Wakala wa Barabara Vijijini na Mijini (TARURA), ni za changarawe au udongo mtupu. Baadhi hupanda na kushuka miinuko mikali, kwa kuwa eneo hili limejengeka kwa matuta marefu ya miamba ya mawe mchanga.

Katikati ya matuta hayo zipo sura mbili za ardhi ambazo kila mwenyeji anazijua. Ipo rweya, yaani nyika ya majani, ambayo udongo wake ni mwembamba, mgumu na wenye mawe. Na kipo kibanja, shamba la migomba na kahawa lililozunguka nyumba, ambalo udongo wake umelishwa kwa samadi na majani kwa vizazi vingi. Udongo wa kibanja ni baraka kwa mgomba. Kwa tairi la pikipiki, mvua ikishanyesha, ni mtihani.

Aidha, ipo mialo ya kandokando ya ziwa ambako wavuvi na wachuuzi wa samaki na dagaa hupakia mizigo yao. Huko dereva hukutana na mchanga, ambao nao una masharti yake.

Somo kutoka viwanja vya mbio

Wanaoijua vizuri sayansi ya tairi na udongo ni waendesha pikipiki za mashindano ya motokrosi. Hatuhitaji kwenda Ulaya kuwatafuta. Ng'ambo ya ziwa hili hili, huko Garuga karibu na Entebbe nchini Uganda, mbio hizo zimekuwa zikifanyika, na Kenya nayo ina historia ndefu katika mchezo huo.

Mwanamotokrosi huanza kwa kutazama ardhi. Watengenezaji wa matairi ya mbio hizo hugawa bidhaa zao katika makundi makuu matatu: ya ardhi laini, ya ardhi ya kati na ya ardhi ngumu. Tairi la ardhi laini huwa na kashata ndefu zilizoachana, ili zichimbe tope na kulitema gurudumu linapozunguka. Tairi la ardhi ngumu huwa na kashata fupi zilizokaribiana, ili mpira mwingi uguse ardhi kwa wakati mmoja. La kati huchukua tabia za pande zote mbili.

Lipo jambo jingine ambalo wengi hulikosea. Mtu angedhani ardhi ngumu inataka mpira mgumu. Ukweli ni kinyume chake. Juu ya ardhi ngumu, mpira laini ndio unaoshika, kwa sababu hujilaza na kufuata mikunjo ya ardhi. Katika tope, kazi ya kushika hufanywa na ncha za kashata zinazozama ndani ya udongo, hivyo mpira unaweza kuwa mgumu zaidi bila hasara.

Upepo nao hupimwa kwa makini. Pikipiki ya mbio huendeshwa kwa upepo mdogo, aghalabu kati ya paundi 12 na 15 kwa inchi ya mraba, ili tairi lilale na kushika zaidi. Lakini chombo hicho hubeba mtu mmoja tu, hukimbia kwa muda mfupi, na magurudumu yake huwekewa kifaa cha kulibana tairi lisizunguke juu ya rimu. Bodaboda haina hata moja kati ya masharti hayo matatu. Kwa sababu hiyo, si kila somo la mbio linafaa kubebwa kama lilivyo hadi kijiweni.

Tairi lipi, njia ipi

Tukilitafsiri somo hilo kwa mazingira ya Bukoba na Muleba, tunapata picha ifuatayo.

Kwa dereva anayezunguka mjini na kupita barabara kuu ya Muleba, tairi la mistari, lenye mifereji myembamba ya kukamua maji, ndilo salama zaidi. Lami iliyolowa inataka mpira mwingi uiguse. Kashata ndefu juu ya lami hupunguza eneo la mguso, hutikisika pikipiki inapokata kona, na huisha haraka katikati. Dereva anayefunga tairi la kashata ndefu mbele, akifikiri amejiongezea usalama kila mahali, huenda akagundua kwamba breki yake juu ya lami yenye maji imepungua nguvu. Ikumbukwe kwamba pikipiki inapofunga breki uzito huhamia mbele, na tairi la mbele ndilo hufanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha chombo.

Kwa anayeshinda katika barabara za udongo, hesabu ni nyingine. Udongo mwekundu ukilowa hujaza mifereji ya tairi la lami baada ya mizunguko michache tu, na tangu hapo tairi jipya kabisa hugeuka kuwa kipara. Hapo nafasi kati ya kashata ni muhimu kuliko urefu wake, kwa kuwa nafasi hiyo ndiyo inayoruhusu tope kutoka. Madigadi ya mbele nayo huhusika. Pikipiki nyingi za biashara zina madigadi yaliyokaribiana na gurudumu, na tope likijaa humo gurudumu hukwama kama lililofungwa breki. Ndiyo maana pikipiki za motokrosi zina madigadi yaliyoinuliwa juu.

Katika changarawe kavu ya kiangazi, adui ni kokoto zinazobingirika juu ya ardhi ngumu. Tairi la kashata fupi zilizokaribiana hufaa zaidi hapo kuliko lile la tope. Katika mchanga wa mialoni, tairi jembamba lenye upepo mwingi huzama, na dereva hulazimika kushusha abiria ili avuke.

Kwa hiyo, tairi linaloweza yote halipo. Lipo tairi la mchanganyiko, lenye mstari wa mpira uliokaribiana katikati na kashata pembeni, ambalo hufanya kila kazi kwa kiasi. Kwa dereva ambaye safari zake zimegawanyika karibu nusu kwa nusu kati ya lami na udongo, hilo ndilo chaguo la busara. Kwa mwingine, kanuni bora ni kuchagua kulingana na njia anayopita mara nyingi zaidi, kisha kupunguza mwendo katika ile nyingine. Tairi la mbele na la nyuma si lazima yafanane, ila la mbele ndilo la kulindwa zaidi. Tairi la nyuma likiteleza, dereva mzoefu anaweza kuokoa chombo. La mbele likiteleza, nafasi hiyo ni ndogo mno.

Mkungu wa ndizi na namba za pembeni

Ubavuni mwa kila tairi yamechapishwa maelezo ambayo wanunuzi wengi hawayasomi. Tuchukue mfano wa tairi lenye maandishi 3.00-18 52P. Namba 3.00 ni upana kwa inchi, na 18 ni kipenyo cha rimu. Namba 52 ni alama ya uzito, ikimaanisha kwamba tairi hilo linaruhusiwa kubeba kilo 200. Herufi P ni mwendo wa juu, kilomita 150 kwa saa. Tairi la ukubwa huo huo lenye alama 47 linaruhusiwa kilo 175 tu. Dukani yanaweza kuonekana kama mapacha.

Tufanye hesabu ya safari ya kawaida ya siku ya soko. Pikipiki yenyewe ina takriban kilo 115. Dereva ana kilo 65. Nyuma imefungwa mikungu minne ya ndizi, kila mmoja kilo 35, yaani kilo 140. Jumla ni kilo 320. Kwa kuwa mzigo umekaa nyuma, angalau theluthi mbili ya uzito huo, yaani zaidi ya kilo 210, hulielemea tairi la nyuma. Tairi la alama 47 limezidiwa kwa mbali, na hata lile la alama 52 limevuka mpaka wake. Abiria wawili badala ya ndizi huleta jibu lisilotofautiana sana, na ndiyo maana marufuku ya mshikaki ni suala la mpira na vyuma pia, mbali na nidhamu.

Upepo unaingia katika hesabu hiyo hiyo. Kwa pikipiki nyingi za injini ya sentimita za ujazo 100 hadi 150, tairi la mbele huhitaji paundi 25 hadi 28 hivi, na la nyuma kuanzia 28 akiwa dereva peke yake hadi zaidi ya 30 akiwa na abiria, kwa kufuata maelekezo ya mtengenezaji. Dereva anayepunguza upepo ili ashike tope, kisha akapakia ndizi na kugonga jiwe la rweya, hubana tyubu kati ya jiwe na rimu na kuitoboa matundu mawili sambamba. Pancha ya aina hiyo mteremkoni ni hatari, na haitokani na msumari wala bahati mbaya.

Jambo la mwisho la kusoma ubavuni ni umri. Tarakimu nne za mwisho katika alama ya utengenezaji zinaonyesha wiki na mwaka. Tairi lenye 2319 lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira hukakamaa kadiri unavyokaa, hasa ukining'inizwa juani mbele ya duka. Tairi linaweza kuwa na kashata zote na bado likawa limezeeka. Hatari zaidi ni tairi lililokwisha ambalo limechongwa mistari upya kwa kisu, kwani kinachochongwa hapo ni ile nyama iliyobaki ya kulinda nyuzi za ndani.

Anayechagua si anayeanguka

Mpaka hapa msomaji anaweza kusema kwamba suluhisho ni elimu. Ni kweli kwa sehemu. Lakini elimu haimsaidii mtu asiye na uamuzi.

Tangu biashara ya bodaboda iliporasimishwa kwa kanuni za mwaka 2010, zikisimamiwa na iliyokuwa SUMATRA na tangu mwaka 2019 na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), vijana wengi wameingia barabarani kwa pikipiki zisizo zao. Wapo wanaopeleka hesabu kwa tajiri kila siku au kila wiki. Wapo walio katika mkataba, wakilipa kidogo kidogo mpaka chombo kiwe chao.

Katika utaratibu wa kwanza, tajiri ndiye mara nyingi anayenunua tairi. Yeye hapandi pikipiki hiyo kwenda Rubya usiku wa mvua. Anachotazama ni bei na muda ambao tairi litadumu, na tairi la mpira mgumu hudumu zaidi hata kama linateleza zaidi juu ya lami. Katika utaratibu wa pili, matengenezo yote huwa juu ya dereva, ambaye kila jioni anawaza marejesho ya kesho. Huyu huahirisha kununua tairi mpaka nyuzi zionekane. Katika njia zote mbili, barabara haiulizwi.

Nguvu ya sheria nayo ina kikomo. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza kuendesha chombo kibovu, na askari ana mamlaka ya kukizuia. Lakini katika bajeti ya mwaka 2021/22 Serikali ilipendekeza faini za papo kwa papo kwa pikipiki na bajaji zishuke kutoka Sh30,000 hadi Sh10,000, kwa lengo zuri la kuwapunguzia vijana mzigo. Matokeo yake ni kwamba tairi jipya ni ghali mara kadhaa kuliko faini ya tairi kipara. Kwa mtu mwenye shilingi elfu kumi mfukoni, hesabu hiyo inajijibu yenyewe.

Si kwamba faini irudishwe juu. Kumtoza zaidi asiye na uwezo wa kununua tairi hakumpatii tairi. Kinachotakiwa ni kuihamisha gharama hiyo iende kwa anayeweza kuipanga mapema.

Nini kifanyike

Kwanza, mikataba kati ya matajiri na madereva itaje tairi waziwazi: nani analinunua, la aina gani, na libadilishwe likifikia hali gani. Vyama vya bodaboda na viongozi wa vijiwe wanaweza kuandaa kifungu kimoja cha mfano kikatumika Bukoba na Muleba bila kusubiri Bunge. Matairi mengi yana vinundu vidogo ndani ya mifereji vinavyoonyesha kikomo cha kuisha. Kifungu hicho kinaweza kusema tu kwamba mpira ukilingana na vinundu, tairi litoke.

Pili, kwa pikipiki zinazofanya kazi vijijini, kuwe na matairi mawili ya nyuma: moja la tope kwa masika na vuli, jingine la kiangazi. Wenye vyombo watasema gharama imeongezeka maradufu. Sivyo. Matairi mawili yanayopokezana hudumu karibu mara mbili ya tairi moja linalotumika mwaka mzima. Kinachobadilika ni kwamba fedha ya tairi la pili hutolewa mapema, na fundi pancha hulipwa ujira wa kubadilisha mara chache kwa mwaka.

Tatu, halmashauri, ambazo zilirejesha mwaka 2024 mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu baada ya Serikali kuisitisha mwaka 2023, ziangalie namna vikundi vya bodaboda vinavyokopeshwa. Mkopo wa pikipiki usiokuwa na fungu la matairi ni mkopo wa nusu chombo.

Nne, Shirika la Viwango Tanzania (TBS) liendelee kuyatupia macho maduka ya vipuri ya mikoani, hususan katika umri wa matairi na alama za uzito. Mnunuzi wa Muleba anastahili kusomewa ubavu wa tairi kama anavyosomewa tarehe ya mwisho ya dawa.

Na tano, abiria mwenyewe. Kabla ya kupanda, ainame atazame tairi la mbele. Ni tendo la sekunde mbili lisilohitaji utaalamu. Akiona kipara, aite bodaboda nyingine. Madereva kumi wakikataliwa kwa siku moja kijiweni kwa sababu ya tairi, matajiri wao watapata ujumbe huo kabla ya jioni, tena bila askari wala kanuni mpya.

Bodaboda ndiyo inayompeleka mama mjamzito Ndolage au Rubya, ndiyo inayotoa kahawa shambani na kuwafikisha walimu shuleni mahali ambapo gari halifiki. Barabara zote za Kagera hazitawekwa lami leo wala kesho, na mvua ya ziwa haitapungua kwa kuombwa. Kinachoweza kubadilika kabla ya masika ijayo ni kile kiganja kimoja cha mpira kinachogusa ardhi, na mkono unaotoa fedha ya kukinunua.